Boti la Koplo Andrea

Mtu wa kawaida akiona boti bovu huona boti bovu. Jubilate alipoliona lile la ufukweni mwa ziwa, kati ya Matema na Lyulilo, aliona tani kumi za chuma zisizo na mwenyewe. Alizima pikipiki, akalizunguka mara mbili, akaligonga ubavuni kwa funguo na kuridhika na sauti yake.

Lilikuwa boti la vita. Wazee wengine husema ni la Mjerumani, wengine la Mwingereza; wote wanakubaliana kwamba mbele palikuwa na mzinga, na kwamba siku hizi mbuzi hujificha humo mvua ikinyesha. Jubilate alikuwa ametoka kuwauzia watu wa Makwale miche ya kakao inayozaa kwa miezi mitatu, na kwa kuiheshimu miche hiyo hakupenda kupita Makwale tena. Alihitaji kazi ya upande huu wa wilaya.

Tatizo lilikuwa moja. Chuma cha namna ile hukatwa kwa gesi siku mbili nzima, na huwezi kukata kitu cha watu siku mbili wakikutazama tu. Lakini Jubilate alikuwa na elimu yake. Mtu hakupi mali yake ukimwomba; hukupa ukimwambia unamtengenezea.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Asheri, akiwa na kofia ya kijeshi na nishani aliyoinunua mnadani pamoja na sufuria. Wanakijiji walipokusanyika ufukweni akawaeleza kwamba boti litakatwa vipande, lipelekwe Mbeya kwa mafundi, lirudi linang'aa kama jipya, liwe heshima kwa wazee wote waliochukuliwa kwenda kupigana vita vya wazungu. Majina yao yataandikwa ubavuni. Kila jina, gunia moja la mchele, kwa ajili ya chakula cha mafundi.

Watu wakakuna vichwa. Hapo Jubilate akavua kofia, akasema babu yake mwenyewe, Koplo Andrea, alitumikia boti hilihili, akapelekwa Burma, hakurudi. Babu yake wa kweli alikuwa fundi cherehani wa Tukuyu, akafia kitandani kwa uzee, na Jubilate hata mazishini hakufika kwa sababu siku hiyo alikuwa na mteja. Lakini babu wa hivyo hachangiwi mchele. Akachukua rangi nyeupe, akaandika jina la Koplo Andrea ubavuni mwa boti kwa mkono wake, la kwanza kabisa, na chozi likamtoka kwa wakati wake.

Bibi mmoja akasimama. Ni Atuganile, muuza vyungu wa Lyulilo, mwenye miaka themanini na mbili na mgongo ulionyooka.

"Babu yako mlimlilia?" akauliza.

"Hatukumlilia, bibi. Mwili haukurudi."

"Sisi pia. Baba alichukuliwa nikiwa tumboni. Mama alikataa kumkalia matanga, akasema ataliliwaje mtu asiye na mahali? Mpaka leo sina mahali pa kuweka mkono nikasema, baba yuko hapa."

Kitu kikamkwaruza Jubilate kifuani, naye akadhani ni njaa. Akaandika jina la baba yake bibi. "Ndaga fijo, mjukuu wangu," bibi akashukuru, akaenda kuleta gunia lake. Mpaka jioni majina yalikuwa ishirini pamoja na la Koplo Andrea, na magunia kumi na tisa yalilala ghalani kwa mwenyekiti. Jubilate akampigia simu Godwin, mnunuzi wa chuma chakavu, aje Ijumaa na lori: chuma kingekuwa cha Godwin, mchele ungepanda juu yake hadi mpakani Kasumulu, na Jubilate angekwenda na mchele.

Ijumaa asubuhi alifika ufukweni kwa miguu akipiga mluzi, pikipiki ameiacha kwa mwenyekiti. Mluzi ukamkauka. Watu walijaa kuanzia majini hadi kwenye migomba. Ng'ombe dume alifungwa kwenye pua ya boti, ngoma zilikuwa zinapashwa moto, na vyungu vikubwa vya Atuganile vilishainjikwa mafigani. Akina mama walipomwona wakaangua kilio kwa pamoja, wakimlilia Koplo Andrea.

Mzee Asheri akamshika mkono kwa huruma. Akamfafanulia kwamba mtu akishaandikwa jina, amerudi nyumbani. Na akisharudi, lazima aliliwe. Kwa kuwa jina la babu yake lilitangulia, mfiwa mkuu ni yeye.

"Na mchele?" Jubilate akauliza.

"Umo vyunguni. Mchele wa msiba utapikwa wapi kama si msibani?"

"Na ng'ombe wa nani?"

"Wako. Mfiwa mkuu ndiye hutoa ng'ombe. Tulijua uchungu umekulemea, tukampa mwenye ng'ombe pikipiki yako."

Jubilate akageuka. Kweli, kijana mmoja alikuwa anaisukuma taratibu, kwa heshima ya marehemu.

Saa nane mchana Godwin akafika na lori na mitungi yake ya gesi. Akaona majina, akaona watu, akavua kofia. Akakaa mkekani, akala sahani mbili za wali na nyama, akanawa. "Ndugu yangu," akamnong'oneza Jubilate, "mimi nakata chuma. Kaburi sikati." Akawasha lori akaondoka, na Jubilate alipoinuka kumfuata, wazee wanne wakamketisha kwa upole: mfiwa haondoki kabla ya kuanua matanga. Siku ya nne wakamnyoa nywele zote, zile alizokuwa anazipaka mafuta ya bei mbaya.

Atuganile akaja kuketi karibu naye.

"Mdogo wangu yuko Makwale," akasema. "Ana shamba la kakao. Miche ya miezi mitatu."

Jubilate akamgeukia. "Ulinijua tangu lini, bibi?"

"Tangu ulipovua kofia. Mdogo wangu alinisimulia zile nywele."

"Sasa mbona ulitoa mchele?"

Bibi alikuwa ameweka kiganja juu ya jina la baba yake, na hakukiondoa alipojibu. "Wakweli wamekaa miaka themanini hawakuliandika. Mwongo kaja, kaliandika kwa siku moja. Nikukatae kwa nini?"

Jubilate akaondoka kwa miguu, na kwa kukwepa barabara kuu akajikuta yuko Makwale. Mkulima mmoja, aliyekuwa anapalilia kakao isiyozaa, akamtazama kichwa kilichonyolewa, asimtambue. Akampa pole, akauliza amefiwa na nani.

"Babu," Jubilate akasema. "Alikuwa fundi cherehani." Chozi likamtoka, safari hii bila wakati wake, na mkulima akamkaribisha kula.