Kibao cha Daktari Devotha

Jumatatu, 12 Oktoba 1992

Kibao kimepanda leo. Bati zima, rangi nyeupe, herufi za kijani: ZAHANATI YA DAKTARI DEVOTHA. Mwinjuma mchoraji kakipigilia juu ya mlango wetu wa mbele, na nusu ya mtaa wetu wa Mwembesongo ilisimama kutazama. Mke wangu Martina kauliza zahanati yenyewe iko wapi. Nikamweleza kwamba siku hizi serikali imeruhusu watu binafsi, kila mtu anafungua kitu, na mwenye akili anaanza na kibao. Kauliza daktari yuko wapi. Nikasema yuko shule, anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Mambo haya yanataka maandalizi ya mapema. Mimi sikujiandaa, kiwandani wakanipunguza, sasa nauza mitumba.

Binti yetu Devotha aliporudi alisimama chini ya kibao, akakisoma, akaingia ndani bila kusema neno. Furaha ilimzidi. Mdogo wake Judith, wa darasa la tano, kauliza kama tutaanza kuchoma watu sindano leo leo.

Jumatano, 14 Oktoba

Devotha hali chakula. Mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika. Asubuhi kashikwa na tumbo, hakwenda shule. Malaria hiyo! Nikampa klorokwini bila kumuuliza mtu. Dawa ikamwasha, kajikuna mpaka mchana na bado anatetemeka.

Hospitali wamempima damu, malaria hana. Daktari, kijana mdogo tu, kasema mtoto ana wasiwasi. Wazazi tukae naye, tumsikilize, tupunguze maneno. Jambo dogo. Jioni nimemketisha sebuleni nikamsikiliza mpaka taa ikaishiwa mafuta. Kuzungumza nilizungumza mimi, lakini muda wote nilikuwa tayari kusikiliza.

Jumamosi, 17 Oktoba

Bahati ya ajabu. Nimefungua belo jipya la mitumba, ndani kuna koti jeupe la daktari, safi, limetariziwa jina la mzungu kifuani. Papo hapo nikaiona dawa. Mtu haogopi kitu alichokizoea. Nikamwambia Devotha alivae kesho kanisani.

Kaangua kilio. Martina kanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyoharibika, akasema anamwita kaka yake kutoka Mgeta.

Hapo nilikasirika. Kwetu Songea baba ni baba. Kwa hawa Waluguru, watu wa Martina, mtoto ni wa mjomba, baba ni mtu tu anayelala kwenye ile nyumba. Miaka yote hii nimeishi nao na bado sijazoea. Shemeji Andrea analima njegere huko milimani. Wasiwasi wa kidato cha nne ataujulia wapi?

Jumanne, 20 Oktoba

Shemeji kashuka na gunia la njegere. Kasalimia, kala, kasinzia kitini. Nikamweleza tatizo kwa kirefu, akawa anaitikia mahali pasipo na cha kuitikia. Kisha kahamia mkekani uani kumenya njegere zake. Devotha kaenda kuketi kando yake.

Nikachungulia dirishani. Mtoto anaongea! Huyu huyu aliyenijibu mimi kwa kutikisa kichwa wiki nzima anaongea kama bomba lililopasuka. Shemeji anamenya tu, macho kwa kuku. Jioni Devotha kala ugali akaomba nyongeza.

Nilimuuliza shemeji mtoto kasema nini. Kasema hajui. Ananyang'anya watoto wa watu, halafu mchoyo wa habari.

Alhamisi, 22 Oktoba

Siri nimeipata kwa Martina. Shemeji sikio lake la kushoto halisikii kabisa, tangu surua ya utotoni. Devotha anajua, ndiyo maana hukaa upande huo. Kumbe hakuna ujuzi wowote pale, ni ubovu wa sikio tu! Kama mtoto anataka kiziwi, kwa nini ashushiwe mmoja kutoka Mgeta wakati baba yake yupo hapa hapa?

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimejaza pamba sikio la kushoto, nikatangaza kwamba limeziba kwa mafua. Kazi hii ni ngumu kuliko nilivyodhani. Mchana Martina kaniita kula kutoka upande huo, ikabidi nisisikie, na wali ukaliwa wote. Kwenye meza yangu ya mitumba Mwinjuma kasimama kushoto kwangu, akamwambia mteja kwamba kile kibao kinamtia aibu hata yeye aliyekichora, na kwamba binti wa watu siku hizi anapita uchochoro wa nyuma asionekane. Mbele yangu! Nilikunja suruali moja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Jumapili, 25 Oktoba

Shemeji kapanda Mgeta jana, kaacha njegere zilizobaki. Baada ya misa nimekaa mkekani na pamba yangu, namenya. Nyingi zinarukia kwa kuku. Devotha kaja taratibu, kaketi kushoto. Moyo ulinienda mbio utadhani mimi ndiye mwenye mtihani.

Kasema kila asubuhi akikifikiria kile kibao tumbo linamkata. Kasema wauza mkaa wanamwita daktari na kumwonyesha magoti yanayouma. Kasema mtihani wenyewe hauogopi sana. Anachoogopa ni siku ya matokeo. Akifeli, atarudi nyumbani atakuta kibao bado kipo mlangoni, na mimi nimesimama chini yake.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, mengine mazuri kabisa. Lakini kiziwi hajibu. Nikamenya njegere. Iliniuma, iliniuma vibaya, na sikuwa na pa kuupeleka uchungu ule.

Kisha kainama karibu kabisa na pamba, akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua ninasikia.

Nikasema, "Eeh?"

Kacheka. Sijamsikia akicheka tangu kibao kilipopanda. Tukamenya mpaka zikaisha.

Jumatatu, 26 Oktoba

Kibao nimekishusha mwenyewe kabla watu hawajaenda sokoni. Devotha kanishikia ngazi. Nilianguka kidogo, juu ya beseni la vyombo. Kaniomba jambo moja tu: siku ya mtihani nisimsindikize. Inasikitisha, maana nilishapatana na wapiga matarumbeta. Nimewaahirisha.

Jumatatu, 2 Novemba

Mtihani umeanza. Devotha kanywa chai yote, mikono imetulia, katoka kwa mlango wa mbele. Sikumsindikiza. Nilikaa kwenye meza yangu kutwa, akili haipo, nikamuuzia mtu viatu viwili vyote vya kushoto. Aliporudi kasema maswali yalikuwa ya kawaida, akauliza kuna nini cha kula. Nilifurahi mpaka nikaenda uani kujificha. Martina kasema tusimuulize zaidi. Sikuuliza. Mdomo uliniwasha usiku kucha.

Ijumaa, 6 Novemba

Leo nimelitafakari jambo hili lote tangu mwanzo, nikaona kosa lilipokuwa. Devotha alikuwa mkubwa mno. Kibao kilimkuta tayari ana mawazo yake. Mtoto awekewe kibao angali mdogo, akue nacho.

Na bati bado zima, nyuma halijaguswa na rangi. Jana Judith kavunja chupa ya chai, akajitetea vizuri mpaka akapigwa paka. Huyo ni wakili. Mwinjuma alikataa kwanza, nikambembeleza, kakubali. Kinapanda kesho: WAKILI JUDITH NA WENZAKE. Wenzake tutawatafuta.

Asubuhi nilipomtangazia, Judith kaacha uji, anasema tumbo linamkata. Maembe mabichi hayo, msimu wake huu, nimempa klorokwini. Kisha kaja kukaa kushoto kwangu, kama mwenye neno. Lakini nilikuwa na haraka ya kwenda kuchagua rangi, na pamba nilishaitupa. Sikio langu limepona kabisa.