Vikwazo Kumi na Tisa na Sweta Moja

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi kali. Mashine ya fotokopi iligoma mpaka nilipoizaba kofi mara mbili. Ndipo akaingia Tumpe, binti wa yule bwana shamba aliyehamia hapa Mfaranyaki kutoka Tukuyu. Kamaliza kidato cha sita mwezi uliopita. Shikamoo mjomba, marahaba, akatoa flashi mfukoni. Ameandika riwaya! Riwaya ya mapenzi ya vijana!

Anataka nakala thelathini kwa ajili ya vijana wa parokia. Nichape, nitie majalada, nizigawe mwenyewe, maana kesho anaondoka kwenda kumsaidia bibi yake kuvuna na hatarudi mpaka mwisho wa wiki ijayo. Nikamwuliza kwa upole kama anajua kwamba Songea hii tayari ina mwandishi wa riwaya za mapenzi ya vijana. Akasema hapana, ni nani huyo? Vitabu vyangu sita vilikuwa rafuni mbele ya pua yake! Juu kabisa *Mapenzi Katika Taya za Mamba*, chenye picha yangu nyuma, nimevaa tai.

Jioni Suzana, mke wangu, akachukua nakala ya kwanza akaenda nayo uani kwenye mahindi anayopukuchua. Jua halijazama, analia. Machozi ya kweli, yanadondokea kwenye ungo. Na alikuwa ukurasa wa hamsini tu!

Miaka ishirini na miwili ya ndoa. Vitabu sita. Mke wangu hajawahi kulia kwa ajili ya kitabu changu hata kimoja. Mamba alipommeza mchumba wa Lukresia, sura ninayojivunia kuliko zote, Suzana aliniuliza kama nimekiona kifuniko cha sufuria.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Unaniwasha kama upupu.

Jumanne, 3 Juni

Nimekisoma chote asubuhi, nijue adui ana silaha gani. Hana! Jane wa Mjimwema, baba yake katekista. Daimu wa Bombambili, mama yake anafuma masweta, familia ya swala tano. Wanapendana. Wazazi wanagundua. Hakuna anayepiga kelele. Kila mmoja anaambiwa tu aanze kupita njia nyingine kwenda shule. Basi. Hicho ndicho kikwazo. Kimoja!

Kitabu changu kina vikwazo kumi na tisa. Nimevihesabu. Mamba, mafuriko, mjomba katili, ajali ya ndege, kupoteza kumbukumbu mara mbili. Kijana wangu hawezi kumshika msichana mkono bila paa kuanguka. Hiyo ndiyo kazi.

Ukurasa wa 87 unaisha Jane yuko stendi alfajiri, amepata chuo, anaondoka, na nyuma yake anasikia nyayo. Halafu sura ya mwisho, 88 hadi 97. Nyayo ni za mama Daimu, yule yule aliyekataa. Ameleta sweta jipya. Hasemi neno. Anamvalisha Jane, anamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, anaondoka zake. Mwisho. Hata harusi hakuna! Macho yalinitoka maji kidogo. Ni vumbi la wino wa mashine. Lazima niisafishe.

Wakati najipangusa nikapata wazo. Msomaji akifika 87 akakutana na jalada, atafanya nini? Atakitupa. Atamlaani mwandishi. Kisha atakuja rafuni kwangu, kwa mtu mzima anayemaliza kazi aliyoianza.

Nimechomoa karatasi kumi katika kila nakala. Ile ya Suzana pia, niliichukua kabla hajafika mwisho, nikidai jalada limekaa upande. Zote ziko kwenye boksi chini ya kaunta. Tumpe yuko ndani ya basi. Najisikia vizuri sana.

Alhamisi, 5 Juni

Nimegawa nakala zote. Nikapanga vitabu vyangu upya, nikabandika tangazo: HAPA RIWAYA ZENYE MWISHO. Nasubiri umati.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Umati umekuja. Umekuja kuuliza nyayo ni za nani!

Baada ya misa hakuna aliyekwenda nyumbani. Kwaya imegawanyika. Sauti ya kwanza wanasema ni Daimu, sauti ya pili wanasema ni baba yake Jane na ana fimbo. Remmy wa bodaboda amempitiliza abiria mpaka Bombambili kwa sababu walikuwa wanabishana njiani. Remmy! Mtu ambaye hasomi hata kibao cha simama! Anadai amekirudia mara tatu. Na wote wanamsifu mwandishi. Eti ana ujasiri. Eti ametuachia tuamue wenyewe, hajatufanya watoto. Nakala zinaazimwa kwa zamu, kuna daftari la zamu.

Saa nane ujumbe ukaingia kwenye simu. Tumpe. Mjomba asante sana, nasikia huko watu wanagombana kuhusu nyayo, Mungu akubariki kwa kazi nzuri. Nimeusoma mara nne. Kila mara umeuma mahali papya.

Wakati wa chakula Suzana akaniuliza nadhani nyayo zile ni za nani. Hajawahi kuniuliza habari za nyayo zozote katika kitabu changu. Na zimo nyingi!

Jumatano, 11 Juni

Sasa imekuwa fasheni. Kila kijana wa parokia anaandika mwisho wake na kuusoma kwa wenzake. Vizuri. Kama ni mashindano, na aingie fundi.

Nimekaa dukani tangu asubuhi nikaandika mwisho wa Jane na Daimu, mwisho unaostahili. Nyayo ni za mamba. Amepanda kutoka mtoni kwa hasira mpaka stendi. Daimu anajitupa kati. Mkono mmoja unaenda. Basi linapinduka. Nimeandika kwa kalamu nyuma ya zile karatasi za Tumpe, seti moja. Mashine yangu inachapa upande mmoja tu, na mimi sijazaliwa kutupa karatasi yenye mgongo safi.

Nikamsomea Remmy. Akacheka mpaka akaishika pikipiki isianguke. Nikamwambia ni ya huzuni. Akacheka zaidi, akaniomba nirudie pale mamba anapokata tiketi. Hakuna mamba anayekata tiketi! Anapita karibu na dirisha la tiketi, basi.

Nimekwenda na karatasi zangu nyumbani. Nimeziweka mezani.

Alhamisi, 12 Juni

Siku kuu ya maisha yangu.

Nilirudi mchana kuchukua kofia. Suzana kakaa mezani, karatasi mkononi, analia. Analia kuliko siku ile ya ungo. Mabega yanacheza. Nikawaza, mamba! Hatimaye mamba!

Nikasogea. Akainua uso. Ndipo nikaona ameshika karatasi upande wa pili.

Akaniambia hakujua kwamba nakumbuka. Akasema siku ile alipofika kutoka Mbinga na sanduku lake, mama yangu, aliyemkataa mwaka mzima eti Mmatengo atamchukua mwanangu akalime milimani, alimkuta anatetemeka pale getini. Hakusema neno. Alivua sweta lake mwenyewe akamvalisha, akamfunga vifungo mpaka cha shingoni, akaingia jikoni. Suzana anasema siku hiyo ndiyo aliyojua ameolewa. Hajawahi kumsimulia mtu, alidhani sikuwa nimeona. Kumbe wewe, Baba Saimon, uliona! Kumbe uliliweka moyoni miaka yote hii, ukaja kumpa Jane!

Sikumbuki sweta lolote. Nikatikisa kichwa kwa hekima.

Akaniuliza kipaji hiki nimekificha tangu lini. Nikasema tangu zamani. Maneno mawili tu, sikuongeza. Akachinja kuku. Firigisi akaniwekea mimi. Nilikula nikimtazama akipangusa macho na upindo wa khanga, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiandikeje.

Ijumaa, 13 Juni

Suzana anaimba akifagia. Ameniletea chai dukani kwa miguu yake. Kesho jumuiya inasali kwetu, na anataka kuwasomea wanajumuiya mwisho wangu. Nilikataa kwa unyenyekevu. Akabembeleza. Nikakataa kidogo tu. Akabembeleza tena. Mtu atafanya nini?

Limebaki boksi. Seti ishirini na tisa, karatasi mia mbili na tisini, chini ya kaunta ambapo yeyote anaweza kuinama. Nikatoka nazo uani na kiberiti. Moyo ukagoma. Karatasi safi namna ile! Ndipo akapita Osmund wa maandazi, analalamika hana karatasi za kufungia. Nikampa zote. Akaniombea baraka. Osmund anauzia Bombambili, mbali kabisa, huko hakuna mtu wa jumuiya yetu. Siri imeondoka na nimetenda wema, kwa safari moja.

Jumamosi, 14 Juni

Naandikia chooni. Ndipo penye komeo.

Rozari ilikwenda vizuri. Injili vizuri. Suzana akagawa togwa. Mwenyekiti wetu, Mama Asumpta, alichelewa kidogo, alilala kwa dada yake, akaja na mfuko mkubwa wa maandazi ya watu wote. Nikasema moyoni, mama mkarimu huyu. Sikuuliza dada yake anakaa wapi.

Suzana akasimama. Amevaa kitenge cha Pasaka. Akasema mume wake ameandika mwisho wa kitabu cha Jane na Daimu, na kwamba yeye amekaa na mtu huyu miaka ishirini na miwili asimjue. Akaanza kusoma. Kimya. Hata kuku walinyamaza. Mimi nilikuwa natazama chini kama mwandishi.

Akafika kwenye vifungo. Cha kwanza, cha pili. Machozi yakamzuia, akanyamaza avute pumzi. Na katika kimya kile sauti ya Mama Asumpta ikaendelea, taratibu, miwani puani. Na cha tatu, na cha nne, na cha shingoni, na Jane akasikia joto likianza mgongoni.

Alikuwa anasoma karatasi ya andazi lake. Ukurasa wa 95. Una mafuta lakini unasomeka vizuri sana. Mashine yangu haina mfano ikishasafishwa.

Watu wakatazama karatasi zao. Mmoja ana 91. Mwingine 88. Mzee Anselmo alikuwa na tatu, amechukua maandazi matatu. Wakazipanga juu ya mkeka. Mtu akaleta kitabu, kinaishia 87. Mama Asumpta, aliyefundisha hesabu darasa la nne miaka thelathini, akasema baada ya 87 inakuja 88.

Nikaanza kueleza habari za mashine. Ndipo nikaona watu hawanitazami mimi, wanatazama mlangoni. Tumpe, na mama yake. Ameshuka kwenye basi jana. Amebeba mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, kunishukuru. Amesimama nao begani. Akasema shikamoo mjomba.

Kisha Mama Asumpta akachukua karatasi mkononi mwa Suzana, akaigeuza, akasoma upande wa mamba. Kwa sauti. Jumuiya nzima ikacheka mpaka togwa likamwagika. Tumpe alijaribu kujizuia, lakini mkungu ulikuwa unatikisika.

Suzana peke yake hakucheka. Alikaa, akakikunja kitenge magotini kwake, akatazama mikono yake.

Jumatatu, 16 Juni

Hukumu ya jumuiya: nichape upya nakala zote thelathini, kamili, bure, na niombe radhi. Nimeomba. Tumpe amesamehe upesi mno. Inaniudhi. Kaniachia hata ndizi.

Jana kutwa Suzana hakusema nami. Leo asubuhi, nikiwa navaa viatu, akasema. Alisema kitabu cha Tumpe ni kizuri, kilimliza kwenye ungo kama kinavyomliza yeyote. Lakini siku ile mezani hakulia kwa ajili ya Jane wala Daimu. Alilia kwa sababu alidhani nakumbuka. Akasema hivyo tu, akachukua ungo wake, akatoka.

Nimelitafakari neno hili njia nzima. Ni zito. Na maana yake iko wazi kabisa. Kwenye ungo machozi kidogo, ya Tumpe. Mezani machozi mengi, mabega yanacheza, na hayakuwa ya Tumpe! Yalikuwa yangu! Nimeshinda!

Nilipofika dukani nikampigia simu nikamwuliza sweta lile lilikuwa rangi gani, niliweke katika kitabu cha saba, kikwazo cha ishirini. Mamba atalimeza. Simu ikakatika hapo hapo. Mtandao wa asubuhi, tabu tupu.

Sasa ni saa kumi. Mashine inachapa. Suzana amekuja kusimamia, hajanisalimu. Amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kila nakala inapotoka anaishika, anaifungua nyuma na kuhesabu. 88, 89, 90, mpaka 97. Kisha anaiweka kwenye boksi la Tumpe na kunyoosha mkono apewe nyingine. Ni mwangalifu sana, mke wangu. Hakuna karatasi ya mwisho itakayopotea leo.

Sura ya kwanza hajisumbui kuihesabu.