Ngombe ya Tano Ilifika Kwako, Papa Mukwe

Bukavu, Panzi, siku ya Jumatatu

Kwa Papa Mukwe Ezéchiel Birindwa, kule Mumosho

Concerne: Kukataa deni la ngombe ya tano

Papa Mukwe muheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, juu najua goti lako linavyokusumbua wakati wa mvua, na maneno yaliyomo si ya kusomwa umesimama. Mimi ni mukwe wako Gracien, yule anayechapa barua za watu pale Nyawera. Miaka mingi nimewaandikia wengine malalamiko yao, kwa wakubwa wa kila aina, na wengi wamejibiwa. Leo nimeleta kompyuta nyumbani ili nichape ya kwangu.

Jumamosi hii watu wa Héritier wanatoka Kamituga kuleta mahari ya Priscille, mutoto wangu wa kwanza na mujukuu wako. Kiti cha baba nimekiazima kwa parokia, kile chenye mikono. Koti nimeshonesha. Halafu jana, nikiwa nalijaribu hilo koti, shemeji Didier akaingia na ujumbe wako: kwamba mahari utapokea wewe, na kwenye kile kiti utakaa wewe, juu kwa desturi yetu mwanaume asiyemaliza ngombe za mama hapokei ngombe za binti. Na mimi, unasema, sijamaliza. Niliahidi ngombe tano kwa ajili ya binti yako Colombe, nikatoa nne.

Desturi hiyo naiheshimu, Papa. Ninachokataa ni hesabu yako tu, na nakataa kwa unyenyekevu wote, kwa sababu hizi:

1. Ngombe ya tano ilifika. Kaka yangu Raphaël na mimi tuliitoa kwenye zizi lake kule Nyangezi, tukaiswaga polepole mpaka kwako, mukaipokea mbele ya mashahidi, mukaisifu kwa lugha yetu ya Mashi mpaka Raphaël akaanza kujuta. Kwamba kesho yake asubuhi aliikuta imesimama mbele ya zizi lake, inangoja kufunguliwa, hayo ni mambo kati ya ngombe na miti ya zizi lako. Hakuna mutu aliyeiita. Mutu akikulipa noti, upepo ukazipeperusha mpaka mufukoni mwake tena, utasema hakukulipa?

2. Unauliza kwa nini sikuirudisha. Sasa Papa, mukwe anaanzia wapi kumwambia baba wa bibi yake kwamba zizi lake limeoza? Nilinyamaza kwa heshima. Tena nilikuwa nafuata sheria yenu wenyewe. Unakumbuka ile siku Colombe alinikasirikia juu ya matela ya kitanda chetu niliyomwazima jirani bila kumuuliza, akafunga nguo zake akaja kwenu Mumosho. Mulimurudisha? Hapana. Mulisema aliyekimbiwa ndiye anayekuja kuchukua. Nikaja, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kitenge cha mama mukwe, Mama Monique, nikakalishwa kwenye kile kigoda kifupi nikipewa mashauri mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikubali, na kwa kweli nilistahili. Lakini ngombe ilipokukimbia wewe, ulikuja Nyangezi na kasiksi? Raphaël alikungoja. Hata leo angali anangoja.

(Colombe, ambaye anasoma nyuma ya bega langu, anasema nikimulinganisha na ngombe mara nyingine, safari hii hata kasiksi haitatosha. Kwa hiyo sentensi mbili zilizofuata hapa nimezifuta. Zilikuwa nzuri.)

3. Matunzo. Ngombe ya mutu mwingine ilikaa kwa kaka yangu, ikala majani, ikalamba chumvi, ikapakwa dawa ya kupe, na hatukukutumia hata karatasi moja ya kudai. Maziwa yake tuliyanywa, sikatai, lakini ni kwa kuogopa yasiharibike. Ndama zake ni habari nyingine na karatasi inanipungukia. Ukijumlisha yote kwa haki utaona kwamba ni wewe unayebaki na deni kwetu, kitu kama mbuzi wawili. Siwadai. Nimeandika tu ili ijulikane.

4. Uliikula. Ngombe ilipozeeka, Raphaël aliichinja kwa komunyo ya kwanza ya Priscille, na muguu wa nyuma, ule munene, tuliupandisha pikipiki mpaka kwako. Didier mwenyewe ni shahidi kwamba ulisema nyama ni tamu, na kwamba uliuliza kama hakukubaki kingine. Papa, ngombe ikiisha kupita kooni haidaiwi tena. Kama ilikuwa yako, ulikula mali yako na mambo yameisha. Kama ilikuwa yangu, basi unanidai ngombe nami nakudai muguu. Chagua mwenyewe.

5. Na hata tuseme, kwa mufano tu, kwamba haikulipwa. Ungepaswa kunishukuru. Mukwe anayemaliza kila kitu mara moja ni mutu aliyenunua, anachukua mzigo wake na kuaga. Anayebakisha kitu kidogo anasema: wazee, tungali pamoja. Angalia matunda yake. Kila kiangazi unakuja Panzi kudai ngombe. Unakuta kuku amechinjwa, unalala kwenye kitanda chetu nasi tunalala chini, unamufundisha Priscille Mashi, siku ya tatu unakumbuka kilichokuleta, unanigombeza kidogo jioni, kesho yake nakutafutia pikipiki ya kurudi. Je, ningekuwa nimelipa, ungekuja kwa sababu gani? Mutoto angemujua babu yake namna gani? Ni deni hilo lililomulea mujukuu wako. Kulilipa kungekuwa ukatili, na mimi si mutu wa namna hiyo.

6. Hii ya mwisho si ya sheria, na sikutaka kuiandika, lakini nimeanza. Ni mimi niliyembeba Priscille mugongoni usiku ule wa homa, tukipanda muteremko wa Panzi kwa miguu kwenda hospitali. Ni mimi niliyechapa barua za wachumba wa watu ili yeye asome mpaka akapata diplome. Jumamosi watu wa Kamituga wakiingia, watauliza baba wa binti ni nani. Nataka waonyeshwe mimi, nimekaa. Ukikaa wewe kwenye kile kiti, mimi nitasimama wapi? Kwenye mulango wa jikoni na wale wanaogawa fanta? Nitaona haya, Papa. Koti lenyewe litaona haya.

Kwa hiyo naomba uandike, mbele ya Mama Monique na Didier, kwamba ngombe ya tano ilipokelewa, ikalala, ikaliwa, na deni limekufa kifo cha kawaida. Ukikataa nitalazimika kupeleka mambo mbele zaidi, ingawa bado sijajua ni wapi, juu mukubwa wa familia ni wewe.

Usalimie Mama Monique na umwambie maharagi aliyotuma yameiva vizuri. Usalimie Didier, hata kama ndiye aliyeleta ujumbe. Shangazi Lucie na mugongo wake. Aimée na mapacha. Yule jirani yenu anayenidharau, naye umusalimie. Watoto wote huku wanakupigia magoti, na Colombe anasema anakupenda, na kwamba hakusaidia kuandika chochote.

Nabaki mukwe wako mutiifu, asiyedaiwa,

Gracien Cirhuza

Nakala kwa:
– Kaka Raphaël, Nyangezi, mwenye zizi
– Padri wa parokia, mwenye kiti
– Colombe, ambaye amekwisha kusoma

P.S. Bahasha ilikuwa imefungwa tayari wakati Héritier alipopiga simu. Anasema Jumamosi wataleta ngombe nne. Ya tano imebaki kwanza Kamituga, juu barabara imekatika, na tena wazee wake wanaona ni vizuri kubakisha kitu kidogo kwa ajili ya undugu.

Papa, sikumwacha amalize. Nilimwambia kwamba binti yangu haondoki hapa kwa mukopo. Nilimwambia ngombe isiyolala kwa zizi letu haijafika, na kwamba undugu wa namna hiyo wakae nao huko huko Kamituga. Nilimwambia mengi, kwa sauti ile yako, na mengine kwa Mashi. Nilipokata simu nilimukuta Colombe ananiangalia. Akaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Basi Jumamosi uje mapema. Viti vitakuwa viwili, cha pili nakiazima leo. Mimi nitakaa, lakini wewe ndiye utasema, juu kudai ngombe ya tano hakuna anayekushinda katika Kivu hii.

Barua hii inaletwa na Mardochée, mutoto wa Raphaël. Ngombe hiyo aliyoishika kamba ni yako. Usiku wa kwanza uifunge kamba mbili, tafadhali, juu ni mujukuu wa ile ya tano na Nyangezi inaipenda vilevile. Na ikirudi, Papa, usimutume Didier. Nitaileta mimi mwenyewe, na kasiksi.