Goti la Mshale

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa shule anataka daftari la majeruhi wa michezo kesho saa nne. Nimelifungua. Wiki tatu nyeupe pe! Mtoto wangu anaota meno, mimi matroni nasinzia nimesimama. Wasichana walikuja, nikawafunga bandeji, nikawapa pole, nikasahau kuandika. Nesi wa upande wa wavulana kapita, akaniuliza kwa upole wa kuudhi kama nahitaji rula ya kupigia mistari kurasa tupu.

Nimepata njia. Nimechukua orodha ya wanamichezo, nikagawa maumivu kwa haki: kifundo, kidole, goti, kisha naanza upya. Hakuna aliyependelewa.

Jumanne, 4 Juni
Nimesifiwa mbele ya walimu wote! Nesi wa wavulana alipiga makofi kwa vidole viwili. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Kumbe kocha analisoma daftari! Amemtoa Mshale, binti mwenye mbio kuliko wote, kwenye mchujo wa Jumamosi. Daftari linasema: goti, apumzike wiki mbili. Ilikuwa zamu ya goti tu, jamani. Na yuko mwaka wa mwisho. Hana mchujo mwingine.

Alikuja kwenye chumba changu, akaruka kichurachura mbele ya kitanda cha wagonjwa. “Matroni, goti liliniuma lini?”

Nikamjibu kuwa maumivu mengine hujificha. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeandika “amepona”. Kocha kasema goti haliponi kwa siku moja, Mshale alete karatasi ya daktari. Daktari anakuja Jumatatu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemweleza kocha yote, mtoto mgongoni, macho sakafuni. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alifunua kurasa polepole.

“Sasa mama, kati ya hawa kumi na wanne, anayeumwa kweli ni nani?”

Sikumbuki hata mmoja. Tumewaita wote, nikawabonyeza miguu mmoja mmoja. Mshale amerudishwa.

Jumamosi, 8 Juni
Wa pili! Amechaguliwa! Akaja mbio kunikumbatia, akanishukuru kwa kumtibu goti lenye maumivu yaliyojificha. Kocha hakuwa amemwambia ukweli. Nami sikumwambia.

Jumapili, 9 Juni
Nimeapa: daftari litajazwa kila siku, bila kukosa. Mtoto kalala mchana huu, mikono iko huru, basi nimejaza kabisa na wiki ijayo. Safari hii nimekuwa mwangalifu. Maumivu yote nimewapa wasichana wasiocheza mchezo wowote.