Mukwe wa Miaka Mine

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tatu 1954

Nimefungua masomo ya batoto badogo pa baraza yangu, hapa kambi ya treni, Kamina. Batoto babili, na moja analala. Kwa Salomé, bibi ya mwalimu wa Bamethodiste, batoto ya masomo yake bamejaa, banaimba mpaka huku. Kiburi tu! Ijumaa Madame wa inspection, mukaguzi wa mashule, atachagua masomo moja: itapata nyumba ya mabati, na mwalimu wake atapata kazi ya kweli. Lazima ikuwe miye. Tangu nilifukuzwa kazi pa gare ya treni (treni ilipita, nilikuwa nasinzia), tunalishwa na Lazare, kaka ya bibi yangu wa ndoa, Delphine. Lazare anachunga kila tonge ninayomeza.

Jumanne, tarehe 2

Akili ni mali! Nilisimama pa njia ya kwa Salomé na kitunga ya karanga. Kabinti kamoja ka miaka mine, Abigaïl, kalikula, kakaambia benzake banifuate. Bote bakanifuata! Salomé alikuja kuuliza kama sina haya. Nilimujibu haya haifundishi A E I O U. Alienda bila kuaga. Nilijisifu: eh, Ézéchias, weye njo muntu kweli!

Jumatano, tarehe 3

Maneno imeharibika. Delphine alitoka sokoni, akaona Abigaïl, akapiga magoti. Anasema wazazi ya huyu mutoto bametoka Kabongo juzi, ni ba ukoo wao, na mutoto amebeba jina ya mama yake yeye Delphine. Kwetu Baluba, mwenye kubeba jina ya muntu ni ule muntu mwenyewe. Basi huyu njo mama mukwe wangu! Na mwanaume hakai na mama mukwe, hakuli mbele yake, hamuangalii uso. Nilikuwa nimetoka kumufuta kamasi! Nilisema nitamurudisha kwao. Delphine aliuliza kama nitafukuza mama yake. Nilihamia jikoni.

Alhamisi, tarehe 4

Nafundisha toka jikoni, nyuma ya mulango. Napiga kelele A, banajibu A. Inaenda muzuri. Ila Abigaïl amekalia kiti yangu na anaomba karanga. Mukwe akiomba, unanyima? Karanga imekwisha.

Ijumaa, tarehe 5

Ole wangu! Madame alikuta batoto, Abigaïl pa kiti, na sauti ya mwanaume ndani ya moshi. Aliuliza mwalimu ni nani. Batoto bote balionyesha Abigaïl. Madame aliniita. Nilitoka kinyumenyume, kitambaa pa uso, nikaangusha sufuria ya bukari, ugali ya moto, juu ya viatu yake. Abigaïl akasema hapa karanga imekwisha, kwa Salomé kuna nyimbo. Akaenda. Benzake bakamufuata, na Madame nyuma yao, anachechemea. Nilibaki na baraza tupu. Niliona uchungu sana.

Jumapili, tarehe 7

Salomé amepata mabati. Pa kanisa aliniambia anatafuta musaidizi, nije kesho kama nataka. Huruma ya nini! Nilimuambia nina mipango yangu. Kosa yangu ilikuwa moja tu: miguu. Mutoto anayetembea anaweza kukuacha. Basi nimefungua masomo ya bale habajatembea bado. Wa kwanza amefika, ana miezi mibili. Delphine amekimbilia kwa Lazare. Mutoto analia tangu asubui: A! A! A! Siku moja tu, na A anaijua tayari. Salomé hajafika hapo.