Mchuzi wa Kumlisha Mama Mkwe

Alhamisi, 5 Machi
Mke wangu kaenda kwa dada yake aliyejifungua. Kaacha sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama, na maagizo: upungue moto kidogo, niugawe kwenye vibakuli vyenye vifuniko, uingie kwenye friji mapema. Nikaitikia. Vibakuli vyote hivyo nani ataviosha? Nikaingiza sufuria nzima, inafuka moshi. Friji ikaguna.

Shemeji yangu kinyozi, mdogo wake mke wangu, anayelala sebuleni kwetu, akasema nitaharibu chakula. Nikamjibu kwamba kunyoa vichwa si kupika. Akachota fungu lake, akaligawa kwenye vibakuli vitatu, akavipanga rafu ya juu. Majivuno matupu.

Ijumaa, 6 Machi
Nyama imepungua! Shemeji anaapa hajagusa sufuria yangu. Kweli nimeionja mara kadhaa, lakini kuonja si kula. Keshokutwa mama mkwe anakuja, na nimemwahidi kumpikia kwa mikono yangu. Aliwahi kusema bintiye hakuolewa, alibebeshwa mzigo. Nyama hiyo lazima ifike Jumapili.

Mbinu! Nimeihamishia sufuria kabatini chumbani, chini ya suti. Ufunguo mfukoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilacho ndicho ki nguoni mwangu.

Jumamosi, 7 Machi
Kabati linanuka. Suti nayo. Juu ya mchuzi pametokea povu. Bila shaka viungo vinakolea. Nimeongeza limau na pilipili. Shemeji kauliza nani kafia chumbani. Wivu.

Jumapili, 8 Machi
Mama mkwe kafika na njaa. Nikachemsha, nikapakua kwa madaha. Akanusa, akaisogeza sahani kwa kidole kimoja.

“Mkwe wangu, hiki umekipika lini?”

Nikasema asubuhi hii.

“Asubuhi hii, na kimeshachacha?”

Shemeji akatoa kibakuli kwenye friji, akapasha mpaka kikatokota. Mama mkwe akala, akalamba vidole, akamwita “mwanangu wa maana”. Mbele yangu! Nikala sahani yangu, kisha na ile aliyoisogeza, kulinda heshima.

Jumatatu, 9 Machi
Naandika nikiwa chooni. Heshima inatoka kwa kasi.

Mama mkwe kaahirisha safari ya kurudi kwake ili aniuguze. Kanipikia supu, kanihubiria yale yale ya bintiye: chakula kilichobaki kisikae nje, kigawanywe, kifunikwe, kiwekwe kwenye baridi. Nikasema, “Nimekuelewa, mama.” Ugonjwa wenyewe najua ulikotoka: ni kijicho cha kinyozi.

Sasa wote wamelala mchana. Nusu sufuria ya supu imebaki, ya moto. Nimeifunga vizuri kwa blanketi zito, nikaificha chini ya kitanda, ibaki vuguvugu hadi kesho. Friji ingeipoza bure.