Pampu Chini ya Bendera

Jumatatu, 24 Novemba

Siku sita zimebaki. Jumapili klabu yetu ya waokoaji wa baharini hapa Ghuba ya Wirrabel inafanya mtihani wa mwaka: kimbia mita mia mbili, ogelea mia mbili, kimbia tena mia mbili, yote ndani ya dakika nane. Ukishindwa, huvai kofia ya zamu. Mimi, Lindsay Pascoe, nimekuwa kiongozi wa zamu miaka kumi na moja. Kofia siivui kwa sababu ya mapafu.

Nimejaribu kupanda mchanga mbio hadi kwenye kibanda cha zamu. Kifua kikapiga mluzi. Kelvin Bascombe, anayekitamani cheo changu, akauliza kama nina shida. Nikamwambia nimemeza nzi. Ufukoni hapa kila mtu amewahi kumeza nzi. Akasema, "Wa tatu huyo tangu Ijumaa, kaka. Chakula cha jioni unakula kweli?"

Jumanne, 25 Novemba

Hanh ni nesi wa zahanati, na ndiye mshika saa wa klabu. Wiki iliyopita aliniandikia karatasi ya pumu yangu. Pampu ya kahawia ya kuvuta dawa kwa mdomo, asubuhi na jioni hata nikijisikia mzima, maana ndiyo kinga. Ya bluu, ya kufungua kifua, robo saa kabla ya mazoezi. Nipashe mwili polepole dakika kumi. Nisitoke bila ya bluu. Mke wangu Roslyn ameibandika karatasi kwenye friji. Nimeifunika kwa kalenda ya gari la takataka.

Nimefikiri sana. Kifua leo kizima. Dawa ya kinga kwenye kifua kizima ni ya nini? Nimeiacha. Na huko kupasha mwili ni kujitangaza. Kelvin akiniona najinyoosha dakika kumi atajua nina jambo.

Alhamisi, 27 Novemba

Upepo wa kaskazini, umejaa chavua ya majani ya malishoni. Watu wenye akili wamefunga madirisha. Nimekimbia. Nilipofika nusu, hewa iliingia kama kwa mrija wa soda. Nikakaa nyuma ya vyoo vya ufukoni dakika ishirini nikivuta ya bluu. Niliogopa. Naandika hapa tu, Roslyn hatajua.

Nimemwambia miguu iko tayari kabisa.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimepata! Mwisho wa mbio ni kwenye bendera ya zamu, ya kwanza kati ya zile nyekundu na njano zinazoonyesha pa kuogelea salama. Kesho nikishaisimika, nitaifukia pampu ya bluu chini yake. Nikifika nainama kama anayekaza mlingoti wa bendera, navuta mara mbili, nainuka mshindi. Nani atajua? Nimejipongeza kwa kipande cha pili cha keki.

Jumapili, 30 Novemba

Naandika kitandani hospitalini.

Saa mbili asubuhi nilifukia pampu, kina cha kiganja. Saa tatu na nusu mkondo ukafunguka palepale mbele ya bendera, ule unaomvuta muogeleaji kilindini. Kazi ya kiongozi wa zamu inajulikana. Kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote, niliagiza bendera zisogezwe hatua sitini kaskazini. Zikasogezwa. Nilijivunia agizo langu na sikukumbuka kitu.

Saa nne Hanh akapuliza filimbi. Mbio za kwanza nilikuwa mbele ya Kelvin. Kwenye maji kifua kikaanza kufunga, kidogo kidogo. Nilipotoka majini nilikuwa navuta hewa na haiingii. Nikafika kwenye bendera, nikapiga magoti, nikachimba. Mchanga mtupu. Nikachimba kwa mikono miwili. Watu wakacheka, wakadhani nafanya mzaha. Ndipo nikakumbuka hatua sitini.

Nikamwona Roslyn anakuja mbio, mdomo unasema, nami sisikii. Nilijua nakufa, tena mbele ya Kelvin.

Kelvin hakunipita. Alifungua kimfuko anachovaa kiunoni kila siku, nilichodhani ni cha funguo. Ndani pampu ya bluu, yake. Akaniketisha wima. Hanh akaleta chupa ya plastiki ya kuvutia dawa: pumzi nne, subiri dakika nne, nne tena. Somo hilo nalifundisha mwenyewe kila mwaka. Kelvin alinishika bega hadi ambulensi ilipofika. Dakika zake nane za mtihani zikapita hapo.

Roslyn alisema ndani ya ambulensi, "Lindsay, kofia hiyo niizike sasa, au nikuzike wewe kwanza?" Kisha akalia. Sijawahi kujichukia hivyo.

Jumanne, 2 Desemba

Nyumbani. Hanh amepiga simu: mimi na Kelvin tunarudia tarehe kumi na nne, daktari akiniruhusu. Kelvin naye amepiga. Ana pumu tangu utotoni, na anaomba tufanye mazoezi pamoja, taratibu, kwa kuanza na kupasha mwili. Nimemshukuru, nikamwambia nina wageni. Mjanja yule. Anataka kuujua mwendo wangu.

Nilipewa vidonge vya siku tano. Leo ya tatu, na kifua ni safi kabisa, sijawahi kupumua hivi. Vilivyobaki, cha leo kikiwemo, nimevirudisha kabatini.

Roslyn ameuliza kama nimemeza cha leo. Nimemwambia ndiyo.